Waya Moyoni, Mkwe Mlangoni

Binti yangu alikuwa na waya ndani ya moyo. Nasema waya, waya kweli, mwembamba kama ule wa kuzibulia jiko la mafuta. Ninapowasimulia wanawake wenzangu pale mashineni Runazi, tukisubiri zamu ya kusaga, mmoja huguna, mwingine huuliza, "Aliumeza?" Aliumeza! Mtu mzima ameze waya kama kuku? Wa tatu huangalia pembeni, na huyo namjua, anawaza uchawi. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja. Naeleza mara moja hapa, na asiyetaka kuamini aende akasage unga wake.

Mimi ni mjane. Nilikuja Runazi, Biharamulo, kutoka Shinyanga nikiwa bado msichana, nikimfuata mume aliyekuwa akitafuta ardhi na malisho. Alifariki akaniachia shamba la mahindi na mihogo, ng'ombe wachache, na watoto. Huyu binti ndiye kitinda mimba wangu. Aliolewa Nyakisasa, Ngara, kwa Wahangaza, watu wa migomba na maharage, wastaarabu, wanaosali kila Jumapili. Sikuwa na neno nao. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na mchapakazi. Mshenga aliyetuunganisha alikuwa mzee wa huku kwetu, aliyekwisha kuozesha mabinti wengi tu wa pande hizi, anayejua Kisukuma, Kihangaza na Kiswahili, na zote tatu akizitia asali.

Sasa lazima mjue jambo moja la kwetu Wasukuma, la sivyo hamtaelewa kitu. Mama na mume wa bintiye huogopana. Nikimwona anakuja njiani nachepuka, naye anachepuka, mtu akipita atatukuta wote wawili tumesimama majanini na njia iko tupu. Tukisalimiana ni kwa mbali, macho chini. Sili mbele yake. Chumba anacholala na binti yangu siingii hata nyumba iwe inaungua. Wahangaza nao wana heshima yao ya ukwe, kwa hiyo hapo tulielewana bila mkalimani. Hata simu ilikuwa hivyo hivyo: akipokea akasikia ni mimi, kimya, kisha vishindo vya mtu anayemkimbizia mkewe simu. Likiwepo neno la kumwambia, anatumwa mshenga.

Binti yangu alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Siku chache baadaye mguu mmoja ukavimba, ukawa mgumu na wa moto, kisha akaanza kukosa pumzi. Damu imeganda mguuni, walisema, na kipande kimekwisha kuruka mpaka mapafuni. Tukapelekwa hospitali kubwa ya mjini, mbali. Nilikwenda mimi, kitoto kikiwa mgongoni, kwa sababu mzazi mchanga huuguzwa na mama yake, si mumewe. Mkwe wangu alibaki Nyakisasa akisubiri habari.

Kule wakakuta balaa jingine. Kidonda cha uzazi kilikuwa kinavuja damu ndani kwa ndani. Wakimpa dawa ya kuzuia damu isigande, atamalizika kwa kutoka damu. Wasipompa, bonge jingine litampanda na kumuua. Basi wakampitishia kwenye mshipa wa shingo kidude cha chuma chenye miguu miembamba, wakakiteremsha mpaka kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, kikakaa huko. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akanieleza kama mtu anavyoelezwa.

"Mama, lile ni chujio. Kama la chai. Damu inapita, bonge linanaswa."

Nikaitikia. Akaendelea, na maneno yake niliyashika kama yalivyo. "Si la kukaa nalo maisha. Kidonda kikikauka na akianza dawa, baada ya miezi michache mrudisheni tulitoe. Likikaa sana linaota kwenye mshipa. Na mara chache sana mguu mmoja unaweza kukatika, ukasafiri na damu hadi kwenye moyo. Ni nadra, lakini likitokea linaua." Binti yangu alikuwa pale pale kitandani, nusu usingizi. Aliyeyasikia yote ni mimi.

Nadra! Nimelichukia neno hilo. Nadra ni kwa anayeona wagonjwa wengi, wakapona hawa na akamkosa yule. Mimi nilikuwa na kitinda mimba mmoja. Nilitoka pale nikijua nina kazi moja tu duniani, kuhakikisha kile chuma kinarudi mikononi mwa waliokiweka.

Lakini alikuwa mke wa mtu. Alipopata nafuu alirudi kwa mumewe, kama ilivyo haki, na safari ya mjini ilikuwa ya mumewe kuamua. Nikamwita mshenga. Nikampikia, nikamkalisha, nikamweleza neno kwa neno: chujio, miezi michache, mguu wa chuma, moyo. Nikamwambia arudie nilichosema. Akarudia vizuri kabisa, utadhani kasomea udaktari. Akapanda bodaboda akaenda zake Nyakisasa.

Mnajua alichokwenda kuwaambia? "Mke wenu amepona, mshukuruni Mungu. Wakati fulani, mkipata nafasi, mtampeleka mjini wakamwangalie." Basi! Chuma hakukitaja. Mimi nilikuja kuyajua hayo baadaye, mambo yamekwisha kuharibika, na nilipomshika shati akanijibu bila hata kupepesa macho: "Mama, mimi ndiye niliyewaambia wale watu kwamba binti yako ni mzima. Mshenga hapeleki kasoro. Ningesema mke wao ana chuma tumboni, si wangekurudishia?" Mshenga hapeleki kasoro. Yaani kazi yake ni kupaka rangi tu. Na wala hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalonikera zaidi. Washenga wa huku wote hufanya hivyo, na ndoa nyingi zimesimama mpaka leo juu ya ulimi wa namna hiyo.

Binti yangu naye akanyamaza. Ile nyumba ilikwisha kumpokea akiwa amezaa kwa kisu, na mguu usiostahimili jembe kutwa. Sasa aongeze na chuma? Kama wazee wamesema amepona, yeye ni nani awasahihishe?

Nikimpigia simu nauliza, "Mmekwenda?"

"Bado, mama."

"Mumeo anajua?"

"Anajua kuna kliniki."

"Mwambie yote!"

"Nitamwambia, mama."

Hakumwambia. Maharage yakavunwa, mtoto akakaa, akaanza kutambaa. Nikamtuma mshenga tena, akaenda tena, akarudi na mkungu wa ndizi na salamu tele. Nikampigia mama mkwe wa binti, mkwe mwenzangu, mwanamke mwema mwenye sauti ya taratibu. Nilipoanza tu kusema kliniki akanikatiza kwa upole: "Mkwe wangu, mtoto wako sasa ni wetu. Usimuuguze ukiwa mbali." Alidhani natafuta sababu ya kumrudisha binti nyumbani. Neno la mshenga likishatangulia, la mama mzazi linageuka wivu. Nilikaa na ile simu mkononi nikatamani kuipiga ukutani.

Kisha binti akaanza kuchomwa kifuani. Kichomi, wakasema wa kwake. Duka la dawa wakampa vidonge vya vidonda vya tumbo. Moyo ukawa unamwenda mbio akiwa amekaa tu akimenya ndizi, wakasema ni mawazo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa waliokuwa wakificha walikuwa watatu: mshenga kwa kazi yake, binti kwa aibu yake, na desturi iliyotuziba midomo sisi wengine wote.

Asubuhi moja akanipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa fupi, inakatika.

"Mayu," aliniita kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akiniita utotoni, "siwezi kulala chali. Nikiinama mbele ndipo napata nafuu kidogo."

Niliacha mihogo juani, nikajifunga kitenge, nikapanda gari hadi njia panda, kisha bodaboda mpaka Nyakisasa. Nilifika jua likiwa kali. Na nilifikia wapi? Kwa jirani! Mama mkwe hafiki tu akaingia. Nikakaa kwenye kigoda uani kwa watu, nyumba ya mwanangu ikiwa mbele yangu, naliona hata pazia la mlango. Mkwe mwenzangu akaja, tukaamkiana vizuri, akaniletea juisi ya ndizi.

"Anapumzika," akasema. "Mzee wangu amekwenda kumwita mtu wa duka la dawa aje amchome sindano. Atatoka akuone."

Nikangoja. Juisi ikaingia nzi. Binti hakutoka. Nilichosikia ni pumzi yake, pumzi ya mtu anayekabwa, inapita pazia na ua mzima mpaka kwenye kigoda changu. Nikasema, "Mtoeni nje nimwone." Mkwe mwenzangu akajibu, "Mumewe yuko naye ndani," kana kwamba hilo ndilo jibu. Na kwa kweli lilikuwa jibu. Yeye akiwa mle, mimi siwezi. Nikampigia mshenga. "Tulia, mama, usije ukavunja heshima," akasema. "Kesho asubuhi nakuja, nitazungumza nao." Kesho asubuhi! Nikamkatia simu.

Nikainuka. Nikavuka ua, nikapita sebuleni, nikasukuma pazia la ndani, nikaingia chumbani kwa mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, midomo imekuwa ya zambarau, mishipa ya shingo imetuna kama kamba, jasho la baridi linamtiririka. Mumewe alikuwa amepiga magoti kitandani nyuma yake, amemkumbatia, anamshikilia asianguke. Kijana akainua macho, akaniona. Unajua alichofanya? Alimwachia. Alimwachia mkewe, akafunika uso kwa mikono miwili, akaruka kitanda, akatokea mlango wa nyuma. Kwa heshima! Binti yangu akaporomoka mbele nikamdaka kwa kifua changu. Yule kijana alikuwa akimpenda, naapa alikuwa akimpenda, na alimwangusha kwa sababu alilelewa vizuri.

Nikapiga yowe. Watu wakaja, likapatikana gari la mfanyabiashara wa ndizi. Mtoto akabaki na bibi yake. Mimi na binti tukakaa nyuma juu ya majani makavu ya migomba, nimemwegemeza kifuani kwangu, nikimwambia avute pumzi, avute tena. Mkwe alikaa mbele na dereva. Njia nzima hakugeuza shingo. Kupitia kioo nilikuwa nakiona kisogo chake kikitetemeka. Analia, mjinga yule, analia bila kugeuka kumtazama mkewe, kisa mimi nipo.

Kwenye hospitali ya karibu daktari, kijana mdogo, akampitishia kifuani ile mashine wanayowaangalizia wajawazito. Akabadilika sura.

"Moyo umezungukwa na damu," akasema. "Unabanwa, hauwezi kujaa. Amewahi kuwekewa chuma chochote mwilini?"

Alimuuliza mume. Mimi nilikuwa nimejibanza nje ya mlango, kama inavyotakiwa.

"Hapana," akasema mkwe wangu, na maskini alikuwa anasema kweli yake yote.

Nikaingia. "Anacho," nikasema. Kisha nikamgeukia yeye, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. "Anacho, mkwe wangu! Nimekutumia neno mara mbili. Mguu wa kile chuma umekatika, ndio unaomuua!"

Akafunika uso tena. "Sikuambiwa, mama," akasema ndani ya viganja. "Haki ya Mungu, sikuambiwa." Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, nadhani aliona tumerukwa na akili, lakini alishapata alichokuwa akitafuta.

Wakamchoma sindano ndefu chini ya kifua, wakavuta damu nyeusi, nyingi. Rangi ikamrudi mbele ya macho yangu, akafungua macho akaomba maji. Picha ikauonyesha waya wenyewe, kijistari cheupe kwenye kivuli cha moyo. Akakimbizwa mjini kwa gari la wagonjwa, wakampasua kifua, wakautoa. Ulikuwa umetoboa ukuta wa moyo. Chujio lililobaki hawakuligusa. Limeota kwenye mshipa, walisema, kulichimbua sasa ni hatari kuliko kuliacha, itabidi awe anarudi kuangaliwa maisha yake yote. Yule dada daktari alikuwepo na alinikumbuka. Hakunilaumu, alisema tu, "Mama, lingetolewa kwa wakati ingekuwa kazi ya asubuhi moja." Afadhali angenitukana.

Mnadhani wazee waliketi kulizungumza hilo chujio? Thubutu! Waliketi kunizungumza mimi. Wazee wa kule na wazee wa huku, na mshenga katikati ndiye msemaji. Mama mkwe ameingia chumbani. Ameona kitanda. Amemkazia mkwe macho, amemfokea ana kwa ana mbele ya watu. Nyumba imechafuka. Na hao ni watu wa kanisani, jamani! Jumapili wanamwimbia aliyeshinda mauti, Jumatatu wanaogopa pazia. Nikauliza, "Na waya?" Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Waya ni mambo ya hospitali, mama. Haya ni ya nyumbani." Wakaamua nisikanyage tena kwa mkwe wangu. Mshenga ndiye aliyenifikishia uamuzi ule, na safari hiyo hakupunguza hata neno moja.

Sikujali. Nilisema waende na nyumba yao, mimi mwanangu ninaye. Maana alikuja kwangu Runazi kujiuguza, yeye na mtoto, mpaka kidonda cha kifua kikauke. Nilimpikia uji, nilimwogesha, nilisimama mbele yake mpaka ameze vidonge. Alikuwa mkimya. Nikadhani ni maumivu. Nilimwambia abaki, shamba lipo, mtoto atakulia hapa. Nilikwisha hata kumpigia lipu chumba cha nyuma.

Asubuhi moja nikamkuta anafunga nguo. Mumewe anakuja kumchukua, atamngoja barabarani, hawezi kufika uani kwangu. Nikamuuliza nani atamkumbusha kliniki huko.

"Yeye," akasema. "Sasa anajua yote. Ametafuta mwenyewe gari la kunipeleka mwezi ujao."

Akamfunga mtoto mgongoni kwa taabu, kifua bado kilikuwa kinamvuta. Kisha akasimama, akanishika mkono.

"Mama, nashukuru. Lakini usije kule. Hata nikiugua, usije."

"Nisingeingia mle ungekufa!" Nilipiga kelele, nakiri, kuku wakatawanyika uani. "Unasikia? Ungekufa ukiwa umekaa!"

"Najua." Yeye hakupandisha sauti. "Alinishika tangu alfajiri, mama. Mikono ilimfa ganzi na hakuniachia. Alinishika vile mpaka ulipoingia wewe. Na sasa kijiji kizima, kanisa zima, hata yeye mwenyewe akiwa peke yake, kinachokumbukwa ni kwamba aliniachia."

Mimi, mwenye mdomo huu! Nilikuwa na maneno ya kumjibu mshenga, na wazee, na mtu yeyote wa Ngara na Biharamulo. Nikamwangalia akishuka kuelekea barabarani, taratibu, mkono mmoja kifuani, akiwa hai.